Maktaba Iliyofungua Mlango Wake

Elimu ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la Historia

Mwalimu wa darasa na asome maneno haya pamoja na wanafunzi kabla ya saa ya somo.

Maktaba: nyumba ya kuwekea vitabu ili watu wavisome au waviazime.
Mkutubi: mtu ambaye kazi yake ni kutunza maktaba na kuwasaidia wasomaji.
Tawi: maktaba ndogo ya mtaani iliyo chini ya maktaba kuu ya mji.
Rafu: ubao wa kupangia vitabu.
Maonyesho: vitu vilivyopangwa mahali ili watu waje kuvitazama.
Ubaguzi: kumtenga mtu kwa ajili ya rangi yake, kabila lake, dini yake au hali yake.

SOMO LENYEWE

Wasikilizaji, hamjambo? Nawaamkia ninyi nyote mlioketi madarasani jioni hii baada ya kazi za shambani, za kiwandani na za nyumbani. Wazee wetu, shikamooni. Wekeni karatasi zenu mezani, na mwenye kalamu aishike, maana leo tuna majina na miaka kadha wa kadha ya kuandika.

Somo letu ni la nyumba moja tu. Si ikulu wala si ngome. Hapana vita vilivyopiganwa humo, wala hapana mfalme aliyezikwa humo. Ni nyumba ya vitabu. Iko katika mji wa New York, nchi ya Marekani, katika mtaa uitwao Harlem. Barabara nyingi za huko hazina majina bali zina namba, na nyumba hii ilijulikana kwa namba ya barabara yake: Maktaba ya Barabara ya 135.

Kwa nini nimeichagua nyumba hii? Kwa sababu historia yake yatusaidia kujibu swali ambalo na sisi hatuna budi kujiuliza. Tukisema maktaba fulani ni ya watu wote, hao watu wote ni nani? Je, ni wale waliokwisha zoea kuingia tu? Au ni pamoja na yule apitaye njiani kila siku, akaitazama nyumba ile, akasema moyoni mwake, "Pale si pangu"?

1. Mtoto wa mfumaji

Tuanze na fedha, maana nyumba haijengwi kwa maneno. Mwaka 1848 fundi mmoja wa kufuma nguo alihama Scotland pamoja na mkewe na watoto wake, akaenda Marekani kutafuta riziki. Mashine mpya zilikuwa zimemharibia kazi yake ya mkono. Mwanawe mkubwa, Andrew Carnegie, alikuwa na umri wa miaka 12. Muda si muda mtoto huyo naye akaingia kazini katika kiwanda cha nguo.

Karibu na kwao aliishi bwana mmoja, Kanali James Anderson, mwenye vitabu 400 hivi nyumbani mwake. Kila Jumamosi bwana huyo aliwafungulia mlango vijana wafanyao kazi, na kila mmoja aliazima kitabu kimoja akasome kwao. Carnegie alikuwa miongoni mwao. Baadaye vitabu viliongezeka, wakawekwa wasimamizi, nao wakatoa amri kwamba vijana wanaojifunza ufundi ndio watakaosoma bure, na wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Carnegie hakuwa mwanafunzi wa ufundi. Hakunyamaza. Aliandika barua gazetini kulalamika, na mwishowe akaruhusiwa kusoma bila kulipa.

Kijana huyo alipokuwa mtu mzima alitajirika sana kwa viwanda vya chuma. Mwaka 1901 aliviuza viwanda vyake, akaendelea na kazi ya kugawa mali aliyoipata. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Mji wa New York peke yake aliupa dola milioni 5.2 ili ujenge matawi ya maktaba mitaani. Sharti lake lilikuwa kwamba yeye atatoa fedha ya kujenga, na mji utatoa kiwanja na gharama za kila mwaka.

Maktaba ya Barabara ya 135 ilijengwa kwa fedha hizo, ikafunguliwa mwaka 1905. Basi kuta zilikuwapo, na rafu zilikuwapo. Lakini tajiri akijenga nyumba, hajaamua bado nani ataingia na atakuta nini ndani. Jambo hilo huamuliwa na watu wanaoitunza nyumba kila siku.

2. Watu wapya mtaani

Wakati maktaba ilipofunguliwa, watu wengi wa Harlem walikuwa weupe. Miaka ile ile watu weusi walianza kuhamia hapo. Wengi walitoka majimbo ya kusini ya Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa huko mwaka 1865, lakini umaskini, sheria za ubaguzi na mauaji havikukoma. Wengine walitoka visiwa vya bahari ya Karibi: Jamaika, Barbados, Puerto Rico na vinginevyo. Kwa hiyo mtaani mlisikika Kiingereza cha namna nyingi, na Kihispania pia.

Katika New York hapakuwa na sheria ya kumzuia mtu mweusi asiingie maktaba. Lakini mtu aliyekulia kusini alikuja na mazoea yake. Alikuwa amejifunza tangu utotoni kwamba mlango wa maktaba si wa kumfungukia yeye.

Ili mfahamu jambo hili vizuri, sikilizeni yaliyotokea katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, mwaka 1939. Tarehe 21 Agosti vijana watano weusi, wamevaa nguo safi, waliingia maktaba ya mji mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliomba kwa adabu aandikwe kuwa msomaji. Kila mmoja alikataliwa. Ndipo kila mmoja alipochukua kitabu rafuni, akaketi meza yake peke yake, akasoma kimya. Polisi waliitwa, wakawakamata. Wakili mweusi wa mji ule, Bwana Samuel Tucker, ndiye aliyeipanga shughuli hiyo, naye akawatetea. Na mji ulifanyaje? Mwaka 1940 ulijenga maktaba nyingine, ndogo zaidi, kwa ajili ya watu weusi peke yao. Vitabu walipewa, lakini kuketi meza moja na jirani zao walinyimwa.

Sasa mwaona uzito wa habari yetu. Kumwambia mtu "karibu, kaa usome" ni neno dogo kwa aliyelizoea. Kwa vijana wale watano lilikuwa jambo la kukamatwa na polisi.

3. Bibi Rose na wasaidizi wake

Turudi Harlem. Mwaka 1920 tawi la Barabara ya 135 lilipata mkuu mpya, mwanamke mweupe aitwaye Ernestine Rose. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika mtaa mwingine wa New York, miongoni mwa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Huko alijifunza kwamba mgeni hapendi kuambiwa aache lugha yake na hadithi zake mlangoni kama kiatu. Mkutubi akitaka mgeni asome, na ajifunze kwanza mgeni huyo ni nani.

Jambo la kwanza alilolifanya Harlem ni kuitazama meza ya mbele. Wasomaji wengi walikuwa weusi, na wanaowahudumia walikuwa weupe. Mwaka ule ule wa 1920 aliajiriwa Bibi Catherine Latimer, naye akawa mkutubi wa kwanza mweusi katika maktaba zote za umma za New York. Mwaka uliofuata aliajiriwa binti wa Puerto Rico, Pura Belpré, ili awahudumie watu wasemao Kihispania. Huyu naye alikuwa wa kwanza wa kabila lake katika kazi hiyo mjini.

Wasikilizaji, msidhani kwamba hapo ubaguzi ulikwisha. Kuajiriwa ni jambo moja, na kupandishwa cheo ni jambo jingine. Bwana W. E. B. Du Bois, mwanachuoni mashuhuri, alilalamika kwa wakuu wa maktaba kwamba wakutubi weusi walikuwa hawatendewi haki. Hata mwaka 1938 ndipo mkutubi mweusi, Bibi Regina Andrews, alipofanywa mkuu wa tawi, nalo ni tawi la Barabara ya 115. Hesabuni wenyewe: tangu 1920 hata 1938 ni miaka 18.

4. Siku za kualikana

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Bibi Rose na wenzake waliona kwamba haitoshi kuacha mlango wazi. Mlango ulio wazi hausemi neno. Yafaa mtu aalikwe. Kwa hiyo walianza kutenga siku za kualika watu maktabani, na siku hizo zikawa za namna nyingi.

Mwaka 1921 walifanya maonyesho ya picha na vinyago vilivyotengenezwa na watu weusi, na maonyesho kama hayo yakarudiwa miaka iliyofuata. Fikirini jambo hili. Fundi wa kupiga rangi, ambaye kazi zake hazikupata nafasi katika majumba makubwa ya mji, aziona zimetundikwa ukutani katika mtaa wake mwenyewe. Mama apitaye na kikapu chake aingia kutazama, maana kutazama picha hakuhitaji kujua kusoma. Akiisha tazama, aona kwamba pale ndani hapana wa kumfukuza. Siku nyingine aweza kurudi na mtoto wake, na siku ya tatu akaazima kitabu.

Palikuwa na jioni za mihadhara, za mashairi na za mijadala. Waandishi vijana walisoma kazi zao mbele ya wapishi, wafuaji na wapagazi, nao wakaulizwa maswali.

Naye Bibi Pura Belpré alikuwa na siku zake. Alipopekua rafu za watoto alikuta hadithi za nchi nyingi, lakini hakukuta hata moja ya kisiwa chake. Hakungoja mtu mwingine aziandike. Alianza kuwasimulia watoto hadithi alizozisikia kwa bibi yake, kama ile ya mende jike aitwaye Martina na mchumba wake, panya Pérez. Alisimulia kwa Kihispania na kwa Kiingereza, tena alitumia wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono. Mwaka 1932 hadithi hiyo ilipigwa chapa, na rafu iliyokuwa tupu ikapata kitabu.

Mwaka 1929 alihamishiwa tawi la Barabara ya 115, maana Wapuerto Rico walikuwa wengi huko. Kila tarehe 6 Januari watu wa Puerto Rico huadhimisha Siku ya Wafalme Watatu, yaani siku ya Mamajusi waliomletea Mtoto Yesu zawadi. Kwao hiyo ndiyo siku kubwa ya watoto. Bibi Belpré aliifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya maktaba. Wazazi ambao hawakujua Kiingereza walikuja wamevaa vizuri, wakaimba nyimbo zao, wakakuta mkutubi asemaye lugha yao. Wale wasiokuja aliwafuata makanisani na katika kumbi za vyama vyao, akawaeleza kwamba kadi ya maktaba hailipiwi.

Wakati huo mtu mwingine alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo kwa nchi nzima. Huyu ni Dakta Carter Woodson, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa. Mwaka 1926 alianzisha wiki moja ya mwezi Februari ya kujifunza historia ya watu weusi, nayo ikaenea mashuleni, makanisani na maktabani. Mwaka 1976 wiki hiyo ilikuwa mwezi mzima.

5. Baada ya sherehe, kilibaki nini?

Kuna watu wasemao kwamba siku za namna hii ni ngoma tu. Watu huja, hupiga makofi, hunywa chai, kisha kesho yake mambo ni yale yale. Wasemao hivyo hawana kosa kila mara. Sherehe nyingi hupita kama mvua ya rasharasha, ikauka kabla ya jioni. Basi tuulize: katika Barabara ya 135 kilibaki nini?

Kwanza, vilibaki vitabu. Watu waliokuja kwa maonyesho na mihadhara walitaka kusoma habari za watu weusi, na vitabu vya habari hizo vikasomwa hata vikachakaa. Vingine havikuweza kupatikana tena madukani. Wakazi wa Harlem na wakutubi walikutana, wakakubaliana vitabu vya thamani vitengwe na kutunzwa katika idara yake. Mwezi Mei 1925 idara hiyo ilifunguliwa.

Mmoja wa wakazi hao alikuwa Bwana Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mwalimu mmoja alimwambia watu weusi hawana historia wala mashujaa. Neno hilo lilimwuma. Alihamia New York mwaka 1891, akawa karani katika benki, na kwa miaka mingi akatumia mshahara wake kununua vitabu, barua na picha za watu weusi wa nchi zote. Aliandikia wauza vitabu wa mbali, akasafiri, akapekua. Alikusanya vitabu zaidi ya 5,000 na hati nyingi za mkono. Hilo ndilo jibu alilompa mwalimu wake.

Mwaka 1926 Shirika la Carnegie lilitoa dola 10,000, vitu hivyo vikanunuliwa na kuwekwa katika maktaba yetu ya Barabara ya 135. Tangu mwaka 1932 hata alipofariki mwaka 1938 Bwana Schomburg mwenyewe alikuwa mtunzaji wake. Leo mahali pale paitwa Schomburg Center. Pana vitu zaidi ya milioni 11, na watu wa dunia nzima huenda kusoma huko.

Pili, yalibaki mafunzo ya ustadi. Chini ya nyumba ile palikuwa na chumba cha michezo ya kuigiza. Mwaka 1940 kikundi kiitwacho American Negro Theatre kilianza kazi humo.

Hapa nataka kila mwanafunzi wa kisomo atege sikio. Kijana mmoja aliyekulia visiwa vya Bahama, aitwaye Sidney Poitier, alifika New York akiwa na elimu kidogo sana. Alikuwa akiosha vyombo katika mahoteli. Aliomba kuingia kikundi kile, akapewa karatasi asome. Alisoma kwa kusitasita, akafukuzwa. Je, alikata tamaa? La. Mhudumu mmoja mzee, Myahudi, aliketi naye usiku baada ya kazi, wakafungua gazeti, akamfundisha neno kwa neno. Kijana akarudi, akakubaliwa. Mwaka 1964 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Mwenzake katika kikundi kile alikuwa mwimbaji Harry Belafonte.

6. Kutoka Harlem hata Nairobi

Majina hayo mawili yatuleta kwetu. Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kutafuta msaada ili vijana wa Afrika Mashariki wapate kusoma vyuo vikuu vya huko. Nafasi za masomo zilipatikana, lakini nauli haikuwapo. Barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na watu watatu: Harry Belafonte, Sidney Poitier, na mchezaji mashuhuri Jackie Robinson. Watu walichanga, na mwezi Septemba ndege ikachukua vijana 81.

Wengi wao walikuwa Wakenya. Na katika Nairobi waliyoiacha nyuma palikuwa na maktaba nzuri ya mawe, yenye nguzo kubwa mbele na simba wawili wa mawe mlangoni. Ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa na Bibi Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe, na Shirika lile lile la Carnegie lilisaidia kwa fedha. Lakini maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepanga mawe yake, na Mhindi mwenye duka ng'ambo ya barabara, hawakuwa na ruhusa ya kuketi ndani na kusoma. Ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1958, yaani mwaka mmoja tu kabla ya ndege ile kuondoka.

Basi linganisheni. Mali ya mtu mmoja ilisaidia nyumba mbili. Harlem, walioitunza nyumba waliwaita jirani zao waingie. Nairobi, walioitunza nyumba waliwafungia jirani zao mlango kwa miaka 27.

Mwaka 1962 Halmashauri ya Mji wa Nairobi iliichukua maktaba hiyo, nayo ikawa na matawi Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanya kazi. Miaka ikapita, majengo yakachakaa. Ndipo mwaka 2017 wanawake wawili Wakenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha kikundi kiitwacho Book Bunk, kikashirikiana na serikali ya Nairobi kuyatengeneza majengo hayo. Hawakutengeneza paa na sakafu tu. Waliwaita wakazi, wakawauliza wataka maktaba ya namna gani, wakafungua milango kwa watoto, kwa muziki na kwa mazungumzo ya waandishi wa Afrika. Kazi iliyofanywa Harlem miaka 100 iliyopita ina watu wa kuiendeleza hapa kwetu.

7. Mafunzo tuyapatayo

Wasikilizaji, historia si ya kukariri tu. Huenda mahali penu pana maktaba, au chumba cha kusomea, au kabati moja la vitabu katika ofisi ya kata. Mkitaka kutenga siku ya kualikana, haya manne mwaweza kuyachukua.

La kwanza, mwulizeni yule asiyekuja. Wale wajao kila siku hawawezi kuwaambia kwa nini wengine hawaji. Mwulizeni kipofu, mwulizeni kiziwi, mwulizeni asiyeweza kupanda ngazi, mwulizeni mgeni asemaye lugha nyingine, mwulizeni mama ambaye nafasi yake ni usiku tu. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu nyingine huondoka kwa ubao wa mteremko mlangoni au kwa saa moja zaidi ya taa.

La pili, anayesherehekewa na awe mwenye shughuli, asiwe pambo. Siku ya Wafalme Watatu ilifana kwa sababu Mpuerto Rico ndiye aliyeiongoza. Mkitaka siku ya wasioona, kipofu na asimame mbele aonyeshe jinsi vidole visomavyo nukta za breli.

La tatu, asiyeweza kuja na afuatwe. Bibi Belpré alikwenda makanisani. Kenya, tangu mwaka 1996, vitabu vilianza kupelekwa kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Mfugaji hakuambiwa aache mifugo yake ndipo asome.

La nne, siku ikiisha na kibaki kitu. Kibaki kitabu rafuni, au mtu mpya kwenye meza ya mkutubi, au jina jipya katika daftari la wasomaji. Siku iliyopita bila kuacha kitu imewafurahisha wenyeji tu.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Harlem hawakuwafanyia wageni hisani peke yake. Karani wa benki aliwaachia hazina, na binti aliyekuja kutoka kisiwani aliwaachia hadithi. Waliofungua mlango ndio waliopata faida.

Somo letu la leo limekwisha. Nawatakia mazungumzo mema darasani. Kwaherini.

MASWALI YA DARASANI

1. Andrew Carnegie alifanya nini alipotakiwa kulipa dola 2 ili asome vitabu?
2. Vijana watano wa Alexandria walifanya nini mwaka 1939? Mji ulijibuje?
3. Taja siku mbili za kualikana zilizofanywa katika maktaba za Harlem. Ni nani aliyealikwa kila siku?
4. Bwana Schomburg alimjibuje mwalimu aliyesema watu weusi hawana historia?
5. Tangu mwaka 1931 hata 1958 ni miaka mingapi? Kwa nini miaka hiyo yatajwa katika somo?

KAZI YA KUFANYA

Zungumzeni mbili mbili. Kila mmoja amtaje mtu mmoja wa mtaani au kijijini kwake ambaye haingii mahali pa kusomea. Semeni sababu iliyo mlangoni, wala si ile mnayodhani imo moyoni mwake. Kisha mwandike barua fupi ya kumwalika, mistari isiyozidi mitano, na mpelekeeni kwa mkono. Kama hajui kusoma, msomeeni.